Anthopoulos kukataa mkataba wa miaka 5 Toronto: meneja mkuu wa besiboli ana mamlaka gani hasa?

DakaMpira

Wakuu, naomba ufafanuzi kwa wanaoijua besiboli ya Amerika Kaskazini kwa undani.

Mwaka 2015 Toronto Blue Jays walishinda michezo 93, wakaongoza kundi lao na kuingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1993. Wakatolewa na Kansas City Royals hatua moja kabla ya World Series, yaani fainali kuu ya besiboli. Siku 6 baada ya mchezo huo, tarehe 29 Oktoba, meneja mkuu aliyekijenga kikosi hicho, Alex Anthopoulos, akaaga. Hakufukuzwa. Aliwekewa mezani mkataba mpya wa miaka 5 akaukataa. Siku hiyohiyo jarida la michezo la Sporting News likamtangaza mtendaji bora wa mwaka.

Kila mahali naambiwa "alinyang'anywa uhuru". Uhuru upi? Mark Shapiro aliletwa kuwa rais wa klabu, sawa, lakini Anthopoulos alikuwa chini ya rais tangu alipopewa kazi Oktoba 2009. Bosi alikuwepo kabla, na bosi yupo baadaye. Kilichobadilika ni nini?

Pili, mtu wa kiwango chake hawezi kuandikiwa kwenye mkataba kwamba kauli ya mwisho ya usajili ni yake? Tatu, mmiliki anapata nini kwa kumwachia mtu kama huyo aende?

Naomba majibu ya kazi inavyokwenda ndani. Lawama za mashabiki zimetosha.

---

Mrushaji_Kushoto

Mkuu, kwanza tusafishe majina, maana ukija na kichwa cha soka utapotea njiani. Kwenye besiboli "meneja" ndiye kocha. Anavaa jezi kama wachezaji, anakaa nao benchi, anapanga nani apige wa kwanza na mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) atolewe lini. Meneja mkuu havai jezi. Yeye anasajili, anabadilishana wachezaji na klabu nyingine, anaajiri maskauti, anasimamia timu za ligi ndogo, na kwa kawaida ndiye anayemwajiri na kumfukuza huyo kocha. Kwa mtu wa soka, mfikirie mkurugenzi wa michezo, ila mwenye mizizi mirefu zaidi: kuanzia kijana wa miaka 16 anayesainiwa Jamhuri ya Dominika hadi mkongwe wa dola milioni 20 kwa mwaka, wote wanapita kwake.

Sasa swali lako la kwanza, ambalo ndilo lenye uzito. Uko sahihi kwamba kiti cha rais kilikuwepo. Kiti ni kilekile, aliyekikalia ndiye aliyebadilika. Paul Beeston, rais wa zamani, ni mhasibu. Ndiye mfanyakazi wa kwanza kabisa kuajiriwa na Blue Jays, mwaka 1976. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na kampuni ya Rogers, inayomiliki klabu, na kuja na jibu moja: fungu la mishahara mwaka huu ni kiasi gani. Alikuwa na msimamo wake, kwa mfano kwamba mkataba wa mchezaji usizidi miaka 5, na ukiangalia mkataba wa Russell Martin wa Novemba 2014, miaka 5 kwa dola milioni 82, utaona mpaka huo ulipochorwa. Lakini ndani ya mpaka huo, nani aje na nani aondoke lilikuwa suala la Anthopoulos.

Shapiro si mhasibu. Alikuwa meneja mkuu wa Cleveland tangu mwishoni mwa 2001 hadi 2010, kisha rais wa klabu hiyohiyo. Anajua kumsoma chipukizi, anajua thamani ya mrushaji wa mkono wa kushoto, na ana watu wake anaowaamini. Mtu wa namna hiyo ukimweka juu ya meneja mkuu, hatauliza tu "itagharimu kiasi gani". Atauliza "kwa nini huyu na si yule", na ana haki ya kuuliza, maana ndicho alichoajiriwa kufanya.

Tazama jinsi dili moja linavyokwenda, utaelewa swali hilo linauma wapi.

Julai 2015 Toronto walikuwa wameshinda 50 na kupoteza 51. Tarehe 28 Anthopoulos akamchukua Troy Tulowitzki kutoka Colorado pamoja na mrushaji mkongwe LaTroy Hawkins, akawapa José Reyes na warushaji vijana watatu: Jeff Hoffman, Miguel Castro na Jesus Tinoco. Magazeti yaliandika majina. Hesabu iliyokuwa chini yake ni hii. Kuanzia 2016 Reyes alikuwa amebakiza dola milioni 48 (milioni 22 mara mbili, na milioni 4 ambazo klabu inalipa ikiukataa mwaka wa ziada). Tulowitzki alikuwa amebakiza milioni 98 (milioni 20 mara nne, 14 za mwaka 2020, na 4 za kuukataa mwaka wa ziada). Yaani siku ile meneja mkuu aliifunga klabu kwa dola milioni 50 zaidi za miaka ya mbele, na juu yake akatoa Hoffman, ambaye Toronto walimchukua kwenye drafti (zoezi la klabu kugawana chipukizi kila mwaka) raundi ya kwanza mwaka mmoja tu kabla. Siku mbili baadaye akamleta David Price kutoka Detroit kwa warushaji watatu wa mkono wa kushoto: Daniel Norris, Matt Boyd na Jairo Labourt. Price alibakiza miezi miwili tu kwenye mkataba wake.

Dili la aina hiyo halifanywi kwa simu moja. Mnakubaliana majina. Mnapeana mafaili ya daktari, na daktari wako anasoma picha za bega na kiwiko cha kila mrushaji. Mnahakikisha hakuna mwenye haki ya kukataa kuhamishwa. Mnatafuta nafasi kwenye orodha rasmi ya klabu ya wachezaji 40. Ikijaa, lazima mmoja atolewe, na anayetolewa anaweza kunyakuliwa bure na klabu nyingine. Kisha mnapata ridhaa ya fedha na kupeleka taarifa ofisi ya ligi kabla ya muda kuisha. Mwaka ule muda uliisha tarehe 31 Julai saa 10 jioni kwa saa za Toronto.

Katika mnyororo huo, meneja mkuu wa zama za Beeston alihitaji ndiyo moja kutoka juu, nayo ni ya fedha. Akiwa chini ya rais aliyekuwa meneja mkuu, anahitaji ndiyo mbili: ya fedha na ya mchezaji. Hiyo ya pili ndiyo inayoua kasi. Meneja mkuu wa klabu ya pili anakupigia saa 9 na dakika 20, anataka jibu. Ukimwambia "nipe nusu saa", anajua papo hapo kwamba huna kauli. Mara ya pili hatakupigia wewe, atampigia aliye juu yako. Mawakala wa wachezaji nao watafanya vivyo hivyo. Ndani ya msimu mmoja cheo chako kinabaki mlangoni, kazi imehamia chumba cha pili.

Baada ya dili zile Toronto walishinda 43 na kupoteza 18.

Anthopoulos mwenyewe mbele ya waandishi alisema tu kwamba hakuona kama mahali pale panamfaa tena, na hakutaka kufafanua. Alimheshimu kila mtu. Lakini angalia tarehe: Shapiro alitangazwa 31 Agosti, katikati ya mbio za ubingwa, na mkataba wa Anthopoulos ulikuwa unaisha mwisho wa Oktoba. Bosi mpya aliajiriwa kwanza, ndipo yeye akaulizwa kama atabaki. Mpangilio huo peke yake unakuambia kauli ilikuwa inaelekea wapi.

---

Ngazi_ya_Tatu

Mrushaji amemaliza karibu kila kitu kuhusu Toronto. Niongeze kitu ambacho watu hukiruka: kwa nini vyeo vimeongezeka hivi.

Kwa desturi ya ligi, klabu ikimtaka mtendaji aliye ndani ya mkataba kwingine, inaomba ruhusa kwa klabu yake. Kama unampeleka kwenye cheo kilekile, unakataliwa, na hakuna atakayeshangaa. Kama unampandisha, desturi ni kuruhusiwa. Matokeo yake unayaona: klabu ikimtaka meneja mkuu wa mwenzake inabuni cheo cha juu zaidi, "rais wa shughuli za besiboli", ili ombi liwe la kupandishwa. Theo Epstein alipotoka Boston Red Sox kwenda Chicago Cubs Oktoba 2011 alipewa cheo hicho, na Jed Hoyer akaletwa kuwa meneja mkuu chini yake. Bado Boston walidai fidia, wakapewa mrushaji Chris Carpenter Februari 2012. Mtendaji mmoja analipiwa kwa mchezaji, na ni jambo la kawaida kabisa huko.

Desturi si sheria lakini. Kabla ya kumpata Shapiro, Rogers walimtaka Dan Duquette wa Baltimore Orioles awe rais. Ilikuwa kupandishwa kweli, lakini Duquette alikuwa na mkataba hadi 2018 na mmiliki wa Baltimore akakataa kumwachia. Mkuu DakaMpira, zingatia hapo: msako wa kumtafuta mrithi wa Beeston ulianza majira ya baridi ya 2014 kuingia 2015, kabla hata ya msimu ule mzuri. Ushindi wa 93 haukuwa umehesabiwa wakati uamuzi wa kuweka mtu wa besiboli kwenye kiti kile unaanza kupikwa.

Kwa hiyo leo ukisikia "fulani ameteuliwa meneja mkuu", usishangilie kabla ya kuuliza nani yuko juu yake. Kwenye klabu nyingi sasa meneja mkuu ni namba mbili.

Halafu kuna uhuru unaoliwa kutoka chini, na huo unasahaulika. Jerry Dipoto aliingia Los Angeles Angels Oktoba 2011 akamkuta kocha Mike Scioscia tayari ana mkataba wa miaka 10, hadi 2018, aliousaini 2009. Kwenye makaratasi Dipoto alikuwa bosi wa Scioscia. Ila kocha alikuwa na miaka mingi mbele kuliko bosi wake, na alikuwa na sikio la mmiliki, Arte Moreno. Mei 2012 Dipoto alimfukuza kocha wa wapigaji Mickey Hatcher, rafiki wa miaka mingi wa Scioscia, na uhusiano ukaanza kuchacha. Mgogoro uliokuja baadaye ulihusu takwimu: ofisi inaandaa ripoti za kila mpigaji wa upande wa pili, wapi asimame nani uwanjani, mrushaji atupe nini, makocha hawazifikishi kwa wachezaji inavyotakiwa. Tarehe 1 Julai 2015 Dipoto akajiuzulu katikati ya msimu, mwaka mmoja tu baada ya Angels kushinda michezo 98. Septemba akapewa kazi Seattle.

Pale hakuletwa rais yeyote. Mmiliki alinyamaza tu alipotakiwa kusema nani mkubwa.

---

BiHesabu

Nawasoma kaka zangu, mmeeleza vizuri, ila mmemwacha mmiliki kama mtu asiye na hoja. Ngoja nimpe hoja zake, maana anazo.

Rogers walinunua asilimia 80 ya Blue Jays mwaka 2000 na kumalizia iliyobaki 2004. Uwanja wa SkyDome wakaununua kwa dola milioni 25 na kuupa jina lao. Karibu michezo yote inaonyeshwa na kituo chao wenyewe, Sportsnet. Kwao timu ni bidhaa ya televisheni, ni uwanja, ni kila kitu kwa pamoja. Kampuni ya hisa haipangi kwa Julai hii, inapanga kwa miaka 10.

Sasa wekeni mezani daftari la Anthopoulos bila mapenzi. Desemba 2012 alimpata R.A. Dickey kutoka New York Mets, akatoa Noah Syndergaard na mdakaji Travis d'Arnaud. Dickey akawa mrushaji wa kawaida, Syndergaard akarusha World Series ya 2015 akiwa na Mets. Novemba 2012 alichukua nusu ya kikosi cha Miami, Reyes akiwemo, na 2013 Toronto wakamaliza mkiani mwa kundi. Na huyo Tulowitzki wa milioni 98 mnaomtaja: Desemba 2018 Toronto walimwachia wakiwa bado wanadaiwa kumlipa milioni 38. Ukirudi kwenye hesabu ya Mrushaji hapo juu, ni ile 20, na 14, na 4. Walilipa karibu yote ili avae jezi nyingine.

Mimi sisemi alikosea. Bila dili zile hakuna Oktoba ya 2015, na Josh Donaldson aliyemtoa Oakland Novemba 2014 akawa mchezaji bora wa American League, moja ya nusu mbili za ligi kuu. Ninachosema ni kwamba mmiliki akitazama deni la 2018 ana haki ya kutaka mtu wa pili wa kupitia mahesabu ya mchezaji, na mtu huyo awe anajua besiboli. Hilo si wivu wala dharau.

Na matokeo ya baada ya hapo hayamhukumu Shapiro. Mwaka 2016 Toronto walifika tena fainali ya American League wakatolewa na Cleveland. Wakajenga upya kituo cha mazoezi Dunedin, Florida, wakaukarabati uwanja. Mwaka 2025 wakafika World Series na kupoteza mchezo wa 7 kwa Los Angeles Dodgers katika ingizo (inning) la 11. Na aliyewabeba humo ni Vladimir Guerrero Jr., aliyesainiwa Julai 2015 kwa dola milioni 3.9, siku za Anthopoulos. Kazi ya mmoja inavunwa na mwingine. Ndiyo maana sipendi kuona mtu anapewa sifa zote au lawama zote kwa msimu mmoja.

Kosa la Rogers ninaloliona mimi ni la utaratibu. Ukitaka kuongeza macho juu ya meneja mkuu, mwambie kabla hujamleta mtu, na muandike pamoja mipaka: jambo gani anaamua peke yake, lipi wanaamua wawili. Kumwachia asome habari kisha umpe mkataba wa miaka 5 ni kumwambia tumebadilisha kazi yako, mshahara ndio huu.

---

DakaMpira

Asanteni sana, Bi Hesabu nawe umenifungua macho upande wa pili. Hiyo milioni 38 sikuijua.

Bado swali la mkataba. Kama kweli inawezekana kuandika mipaka hiyo, kwa nini watu hawa wenye mawakala na wanasheria hawaandiki? Na kesi ya Kim Ng wa Miami inaingia wapi? Wengine wanasema ni ileile.

---

Mrushaji_Kushoto

Inaandikwa, mkuu, lakini haifanyi kazi unayoidhania.

Kila klabu kati ya 30 ina mtu mmoja anayetambuliwa na ligi kuwa mwenye kauli ya mwisho kwa niaba ya umiliki. Mamlaka ya meneja mkuu yanatoka kwa huyo, kwa mkopo. Unaweza kuandika "kauli ya mwisho ya usajili ni ya meneja mkuu". Siku mmiliki akikataa kutoa fedha za dili, utafanya nini? Utamshtaki akulazimishie mchezaji? Mahakama haiendeshi timu. Kifungu kikivunjwa unachoweza kupata ni fidia na ruhusa ya kuondoka, si mamlaka yenyewe.

Kwa hiyo wakala mjanja haombi mamlaka, anaomba mlango. Anadai iandikwe mteja wake anaripoti kwa nani, kwa cheo, na kwamba akiwekwa mtu katikati, mteja anaweza kuondoka na mshahara wake na bila kuzuiwa kwenda klabu nyingine. Anadai mikataba ya wasaidizi iende sambamba na ya bosi wao, kwa sababu njia rahisi ya kumdhoofisha meneja mkuu ni kutowaongezea mikataba maskauti wake mmoja mmoja. Na anadai fungu la idara, yaani maskauti, madaktari na wachambuzi wa takwimu, liwe mkononi mwa meneja mkuu, tofauti na fungu la mishahara ya wachezaji. Hili la mwisho wengi hulisahau. Mtu anaweza kuachiwa kusaini wachezaji huku hana hela ya kumpeleka skauti Venezuela.

Silaha kubwa kuliko zote ni tarehe ya kuisha. Ukijiuzulu ndani ya mkataba unapoteza mshahara, na klabu inaweza kukufunga miguu usiende kwingine. Mkataba ukiisha, uko huru asubuhi yake. Anthopoulos alisubiri uishe. Epstein alifanya hivyo Boston mwaka 2005: mkataba ukaisha 31 Oktoba, akatoka kwa sababu ya msuguano na rais Larry Lucchino, akarudi Januari 2006 baada ya mipaka kuchorwa upya. Mwaka 2007 wakachukua ubingwa.

Kim Ng ni kesi hiyohiyo, tena iliyo safi zaidi. Novemba 2020 alipewa Miami Marlins, mwanamke wa kwanza kuwa meneja mkuu katika ligi hiyo. Mwaka 2023 walishinda 84, wakaingia mtoano. Ukiacha msimu mfupi wa 2020, ilikuwa mara yao ya kwanza tangu 2003. Mkataba wake ulikuwa na mwaka wa ziada wa 2024 wenye ridhaa ya pande mbili: klabu iseme ndiyo, naye aseme ndiyo, mmoja akikataa umekufa. Klabu ikasema ndiyo. Lakini mmiliki Bruce Sherman alikuwa ameamua kuleta rais wa shughuli za besiboli juu yake. Ng akasema hapana, tarehe 16 Oktoba 2023, akaeleza kwamba hawakuwa na mtazamo mmoja kuhusu muundo wa idara. Mwezi uliofuata akaletwa Peter Bendix kutoka Tampa Bay.

Ona ujanja wa kile kifungu. Klabu iliweza kusema "sisi tulimtaka abaki", na ni kweli, walimtaka abaki kwenye kazi iliyopunguzwa. Ng aliweza kuondoka siku ileile bila kuzuiwa. Kila upande ulitumia mlango wake.

---

Ngazi_ya_Tatu

Kwa wapenzi wa Liverpool humu ndani, wamiliki ni walewale wa Boston Red Sox, Fenway Sports Group ya John Henry. Mtindo wao mtautambua. Agosti 2015, miezi miwili kabla ya kisa cha Toronto, walimleta Dave Dombrowski kuwa rais wa shughuli za besiboli juu ya meneja mkuu Ben Cherington, aliyewapa ubingwa 2013. Cherington akaambiwa anaweza kubaki, akakataa. Dombrowski akachukua ubingwa 2018, akafukuzwa Septemba 2019. Akaja Chaim Bloom, akafukuzwa Septemba 2023. Na Epstein? Februari 2024 alirudi Fenway akiwa mshauri na mwenye hisa. Nadhani ndiye pekee aliyeona kwamba kwenye nyumba ile kauli haiko kwenye cheo chochote, iko kwenye hisa.

DakaMpira, ukitaka kupima klabu ukiwa nje, usisome cheo. Angalia siku ya dili kubwa nani anayeongea na waandishi jioni ile, na nani anatangaza kocha mpya. Angalia kocha ana miaka mingapi kwenye mkataba ukilinganisha na meneja mkuu. Kocha akiwa na mingi zaidi, kaa chonjo, ni Angels ile. Na rais akiwa ametoka kwenye umeneja mkuu, fahamu kwamba mameneja wakuu ni wawili.

---

BiHesabu

Na Anthopoulos mwenyewe nadhani alijifunza kukagua kiti cha juu kabla ya kukaa cha chini. Januari 2016 alikubali kwenda Dodgers kuwa msaidizi tu, chini ya Andrew Friedman, na hapo hakudai kauli kwa sababu hakuahidiwa. Tarehe 13 Novemba 2017 Atlanta Braves wakamchukua kuwa meneja mkuu. Siku hiyohiyo John Hart, aliyekuwa rais wa shughuli za besiboli, akasogezwa kuwa mshauri, na siku chache baadaye akaondoka kabisa. Kiti kilichokuwa katikati kikatolewa. Anthopoulos akawa anaripoti moja kwa moja kwa mwenyekiti Terry McGuirk, na mwaka 2020 akapewa cheo hicho cha rais juu ya kile alichonacho, ili asije akawekewa mtu.

Julai 10, 2021 nyota wa Atlanta, Ronald Acuña Jr., akachanika goti. Timu ilikuwa ya kawaida kabisa. Ndani ya wiki tatu Anthopoulos akanunua wachezaji wanne wa uwanja wa nje: Joc Pederson tarehe 15, kisha Adam Duvall, Eddie Rosario na Jorge Soler hadi siku ya mwisho. Rosario alimpata kwa kumpa Cleveland Pablo Sandoval, ambaye walimwachia papo hapo. Rosario akawa mchezaji bora wa fainali ya National League, nusu ya pili ya ligi kuu, Soler akawa bora wa World Series. Hakuna hata mmoja aliyegharimu chipukizi wa juu wa Atlanta, na hilo, kaka zangu, ndilo lililonifurahisha kuliko kombe: yuleyule aliyemtoa Syndergaard 2012 sasa alikuwa amejifunza kulinda ghala huku akinunua.